Mama Pacha na Sauti Zilizopigwa Pasi

Mama Pacha ni dobi, na kama umewahi kumpelekea shati ukamwambia doa ni la chai kumbe ni la mvinyo, utakuwa unamjua vizuri kuliko ulivyotaka. Hapandishi sauti. Anaipeleka nguo puani, anainamisha kichwa upande, anakutazama, kisha anauliza, "Chai hiyo ilifunguliwa kwa kizibuo?" Duka lake lina chumba cha mbele chenye meza na kengele, na chumba cha nyuma chenye mashine za kufulia, pasi kubwa ya mvuke, meza ndefu iliyotandikwa blanketi, na bomba linalokatiza dari zima likiwa limetundikwa nguo za watu, kuanzia makoti na sare za walinzi hadi gauni za harusi ambazo wenyewe wamezisahau. Humo nyuma ndimo alimojipatia sifa yake ya pili, isiyohusu sabuni wala wanga.

Mama Pacha anapenda roki. Si ile ya kubembeleza, la. Anapenda ya magitaa yanayokwaruza na dramu zinazotikisa vikombe kabatini. Wateja wageni hubaki wametoa macho: mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, anakunja suruali ya hakimu huku kichwa kinamwenda juu na chini kama anakubaliana na mtu asiyeonekana. Na hasikilizi rekodi yoyote ile. Anataka za jukwaani tu. Rekodi ya studio, anasema, ni picha ya pasipoti, kila mtu amechana nywele. Ya jukwaani ndiyo mtu mwenyewe na jasho lake.

Sasa kinachomchemsha damu ni udanganyifu. Mwimbaji anapayuka mbele ya watu, noti nyingine anazipata, nyingine zinamponyoka. Kesho yake fundi anaiingiza rekodi kwenye kompyuta, na programu inaisukuma kila noti iliyopinda mpaka inyooke. Halafu albamu inatoka imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya jukwaani, moja kwa moja! Mama Pacha akaupa mchezo huo jina la kazini kwake, kupiga pasi. Sauti ambayo haijaguswa akaiita mbichi. Na anazitambua, jamani, anazitambua.

Ukikaa naye vizuri atakueleza. Sauti ya binadamu hairukii noti. Inaipanda kidogo kutoka chini, inatikisika, inatulia, na pumzi ikikaribia kwisha inalegea. Hayo ndiyo makunyanzi yake. Iliyopigwa pasi inatoka noti hii kwenda ile kwa hatua za ngazi. Lakini mafundi wa siku hizi ni wajanja, wanajua kubakiza makunyanzi mawili matatu ya kukupumbaza. Hapo Mama Pacha anamwacha mwimbaji na ujanja wake, anayasikiliza matoazi. Jukwaani maiki ya mwimbaji haichagui. Mpiga dramu yuko nyuma yake, na mlio wa yale masahani ya shaba unaingia humo humo kwenye maiki. Fundi akiisukuma sauti ya mwimbaji juu, na mlio wa matoazi unasukumwa juu pamoja nayo. Toazi halijui kuimba. Ukilisikia linapanda na kushuka bega kwa bega na mwimbaji, basi pasi imepita hapo.

Kila Jumamosi alasiri, duka likishafungwa, wapenzi wenzake wa roki huja kukaa chumba cha nyuma katikati ya nguo. Wanamwita Mkaguzi. Mwenyekiti wao ni dereva wa gari la maiti, mtu aliyeipenda roki kwa sababu kazini kwake hata honi haruhusiwi kupiga. Yupo pia muuza dawa wa duka la jirani, mwanamke mpole wa kupindukia. Mtu analeta rekodi, inapigwa, Mkaguzi anavua miwani, anainamisha kichwa, anaomba irudiwe, irudiwe tena, kisha anatoa hukumu, mbichi au pasi. Na ikiwa ni pasi, desturi yao ni moja tu: aliyeileta anasimama mbele ya wote na kuuimba ubeti ule ule kwa koo lake mwenyewe, ili sikio la kikao lisafishwe. Muuza dawa aliwahi kuleta rekodi ya kikundi alichokipenda tangu usichana. Ikawa pasi. Akasimama, akaimba ubeti mzima machozi yakimtoka, na alipokaa Mama Pacha akampa kitambaa na kumwambia mstari wa pili alikuwa chini.

Sasa tuje kwa mumewe. Baba Pacha ni mchomeleaji wa mageti na madirisha, mtu mkubwa mwenye nyusi zilizoungua ungua, asiyeweza kumkatalia mtu kitu. Yeye na mafundi wenzake wana bendi yao ya roki, Cheche, na yeye ndiye mwimbaji. Wamepiga miaka na miaka katika ukumbi wa chama cha mafundi, mbele ya wake zao na watu waliofuata viti. Wimbo wao mkubwa, alioutunga Baba Pacha mwenyewe, unahusu mteja aliyeagiza geti, likapakwa rangi, likapendeza, kisha akahama mji bila kulichukua. Usicheke. Kiitikio chake kinakata maini.

Onyesho lao la mwisho lilirekodiwa na binamu yake Baba Pacha, fundi mitambo, kijana wa zamani anayejiona bado kijana. Rekodi ile ikatoka mkononi kwenda mkononi, hadi ikamfikia mwenye ukumbi mkubwa wa mjini, ule wenye viti vya kukunja na mapazia ya kweli. Akapiga simu. Anawataka Cheche wafungue onyesho la kikundi kikubwa kutoka nje. Baba Pacha, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuitwa popote isipokuwa kwenye geti lililong'oka, alikata simu akaketi juu ya mtungi wa gesi, mafundi wakamwondoa hapo wakipiga kelele.

Lakini hakusema ndiyo. "Nitawajibu Jumatatu," alimwambia mwenye ukumbi. Na kwa mafundi wenzake akasema, "Jumamosi naipeleka kwa Mkaguzi. Ikipita kwake, tunakwenda. Isipopita, mimi simo." Wakamsihi. Ng'o.

Mama Pacha alipoambiwa alifurahi, akampikia mumewe vizuri, akajisifu kwa majirani. Mume ana msimamo! Hakuwa ameisikia rekodi bado. Aliisikia Alhamisi, na aliisikia kutoka kwenye gari la maiti.

Mwenyekiti alikuwa ameleta suti yake nyeusi ifuliwe. Gari lilikuwa tupu, madirisha wazi, na Cheche wakinguruma ndani hadi mapazia ya zambarau yanatetemeka. "Mkaguzi!" akaita. "Hebu toka umsikie mumeo! Huyu si wa kuchomelea mageti huyu!" Mama Pacha akatoka na shati la mtu mkononi. Sauti ilikuwa ya Baba Pacha, huikosei, nzito na yenye vumbi. Akatabasamu. Ukaja ubeti wa pili, pale wimbo unapopanda na Baba Pacha, kila siku na kila mahali, hupungukiwa kidogo. Safari hii hakupungukiwa. Alitua katikati ya noti. Na nyuma yake, taratibu, toazi la mpiga dramu likapanda naye.

"Umeona?" Mwenyekiti akasema. "Hata wewe umekosa la kusema."

"Suti yako itakuwa tayari kesho," alisema Mama Pacha. Akarudi ndani akaunguza ukosi wa shati la hakimu.

Mchana ule ule alifunga duka akamvalia njuga shemeji yake, yule fundi mitambo. Alimkuta kwenye kibanda chake kilichojaa waya, akiwa amevaa hedifoni shingoni. Shemeji alipoiona ile miwani imevuliwa alijua mambo yameharibika.

"Shemeji, matoazi huimba?"

"Matoazi? Hapana, shemeji. Matoazi hupigwa."

"Sasa kwa nini toazi la Cheche linapanda pamoja na mume wangu kwenye ubeti wa pili?"

"Labda upepo, shemeji."

"Ndani ya ukumbi?"

"Kulikuwa na feni."

Mama Pacha akavuta kiti, akakaa, akainamisha kichwa. Shemeji akajaribu kukunja waya, ukamfunga vidole. Akajaribu kupiga mluzi, ukakatika. Mwishowe akanyoosha mikono. "Haya! Ni mimi. Nimeipiga pasi mwenyewe, kwa kichwa changu. Nilimwonea huruma binamu yangu. Yeye hajui kitu, shemeji, naapa, hajui kabisa. Usimwambie."

Mama Pacha alitoka pale, akashika njia ya nyumbani. Kumbe mumewe anatembea mji mzima kifua mbele kwa noti ambazo hakuzifikia, na hana habari! Akiwaambia kikao ni pasi, Baba Pacha ataumbuka mbele ya kila mtu, atasimama aimbe ubeti ule ule unaomshinda, na ukumbi mkubwa utakuwa ndoto. Akisema ni mbichi, atakuwa amesema uongo kwa mara ya kwanza katika chumba kile, yeye aliyemliza muuza dawa. Alikula chakula cha jioni bila kukionja. Mumewe naye alikula kimya, macho kwenye sahani, na kila mmoja alidhani mwenzake amechoka na kazi.

Ijumaa ilipita hivyo hivyo. Alimtazama mumewe akinyoa ndevu. Alimtazama akipaka viatu rangi, viatu vya kwenda kwenye ukumbi mkubwa, maana alikuwa ameshavinunua. Hapo ndipo alipokata shauri. Mtu amekaa maisha yote akiwafungia watu madirisha, akose onyesho moja kwa sababu ya toazi? Atajikaza kisabuni, atasema neno moja, litakwisha.

Jumamosi chumba cha nyuma kilijaa hadi watu wakasimama kati ya makoti. Mafundi wa Cheche walikuja wote wamenawa. Shemeji fundi mitambo alijibanza nyuma ya gauni la harusi, miguu tu inaonekana. Baba Pacha akaitoa rekodi mfukoni, akaipachika kwenye redio.

Wimbo wa geti ukapigwa. Mama Pacha akavua miwani, akainamisha kichwa. Ubeti wa kwanza. Kiitikio, watu wakiitikia. Ubeti wa pili, noti ikapanda, toazi likapanda. Yeye akamwangalia mumewe, akaona jicho lake lilivyomkazia.

"Mbichi," akasema.

Chumba kililipuka! Mafundi wakakumbatiana, Mwenyekiti akapiga meza ya pasi makofi, muuza dawa akashangilia kwa kitambaa kile kile alichopewa siku ile. Gauni la harusi lenyewe lilionekana kushusha pumzi. Mtu mmoja tu hakushangilia. Baba Pacha alikuwa amesimama pale pale, uso umemsawijika.

"Hukuomba irudiwe," alisema.

Kelele zikapungua. "Nini?" akauliza Mama Pacha.

"Hukuomba irudiwe. Kila rekodi inayoingia humu unaomba irudiwe. Ile ya muuza dawa uliirudisha mpaka redio ikapata moto. Yangu umeisikia mara moja, ukasema mbichi."

"Kwa sababu ni mbichi, Baba Pacha."

"Ni pasi!" Baba Pacha akanguruma, na watu wakashtuka, maana hawakuwahi kumsikia akinguruma pasipo gitaa. "Pasi kabisa! Nilimwomba binamu yangu mwenyewe. Nilikaa naye kibandani mchana kutwa, noti kwa noti. Muulizeni, yuko ndani ya gauni lile!"

Gauni likatikisika. "Alinikataza nisiseme," ilisema sauti ya shemeji. "Nikaona bora niubebe msalaba mwenyewe."

Mama Pacha akamgeukia mumewe. "Uliomba?"

"Niliomba."

"Kwa sababu ya ule ukumbi?"

"Ukumbi gani! Wakati ule hakuna aliyekuwa ametuita." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kwa sababu yako. Nilitaka uisikie. Uvue miwani, uirudishe na kuirudisha, halafu uniambie mbichi. Mara moja tu katika maisha yangu. Nilijua nakudanganya, nilikubali. Lakini wewe hukudanganyika, mama. Umejua, ukanihurumia. Humu ndani hujawahi kumhurumia mtu. Kumbe mimi ndiye mbovu kuliko wote?"

Mwenyekiti, ambaye kazi yake imemfundisha namna ya kusimama palipo na majonzi, alikunja mikono mbele na kutazama sakafu. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya na kikao lazima kiendelee, akakohoa. "Desturi ni desturi," alisema kwa unyenyekevu. "Aliyeleta pasi, anaimba."

Baba Pacha akasogea mbele. Akafungua mdomo. Hakutoka kitu. Akafunga, akafungua tena, kama mtu aliyepewa kijiko cha dawa anangoja kingine.

"Usiinamishe kichwa hivyo," alimwambia mkewe.

"Sijainamisha."

"Umeinamisha. Ukiinamisha hivyo koo langu linafunga. Kule ukumbini kwa mafundi, umekaa nyuma, naimba nimefunga macho. Watu wanadhani ni hisia. Ni wewe! Sitaki kukuona. Nyumbani siimbi tena, umewahi kujiuliza kwa nini? Wale watoto niliwaimbia mpaka wakaota meno, halafu siku moja nikiwa bafuni ukasema kutoka mlangoni, 'Hapo umeshuka.' Basi. Toka siku ile naoga kimya."

Mama Pacha alitaka kusema hakumbuki, na kweli hakukumbuka, na hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa amelisema kama anavyosema kwa mteja kwamba kifungo kimelegea. Aliwatazama watu waliojaa kati ya makoti, akaona muuza dawa anaangalia pembeni. Akaisikia nyumba yake ilivyo kimya, yeye mwenye masikio ya kusikia toazi kutoka kwenye gari la maiti, na ukimya huo hakuwahi kuusikia.

Akaweka miwani mezani. Akashika ukingo wa meza ya pasi kwa mikono miwili. Kisha Mama Pacha akaanza kuimba wimbo wa geti.

Jamani. Alianza juu mno, akajishusha, akashuka kupita kiasi. Sauti yake ilikuwa nyembamba na kavu, ikapita pembeni ya kila noti bila hata kuipungia mkono. Mpiga dramu wa Cheche alitoa macho. Mwenyekiti aliyafumba. Mumewe alimtazama mdomo wazi, kwa sababu katika maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kumsikia mkewe akiimba, hata mstari, hata kwa watoto. Watoto aliwalaza yeye, na hakuwahi kujiuliza kwa nini mama yao alimkabidhi kazi hiyo upesi vile. Mama Pacha alijua kwa nini. Alijua tangu msichana. Sikio lile lilikuwa limemnyamazisha yeye kwanza, kabla halijamfikia mtu mwingine, na sasa lilimhesabia kila kosa alilofanya, moja baada ya jingine, na yeye akaendelea huku mashavu yanamwaka.

Akaufikia ubeti wa pili. Akaiona ile noti mbele yake, akavuta pumzi, akaiendea. Sauti ikamkatikia njiani, akabaki anapapasa.

Hapo Baba Pacha hakuweza kuvumilia. Mtu mwenye moyo ule hawezi kumwona mkewe amekwama akasimama tu. Akaingia na ile sauti yake nzito yenye vumbi, akamchukua pale alipomkuta, wakapanda wote wawili, macho yake wazi, anamtazama. Akaiendea noti kutoka chini. Ikatikisika. Ikapungua kidogo, pale pale inapopungua siku zote. Mama Pacha aliisikia imepungua kwa kiasi gani, maana sikio halina likizo, na aliipenda hivyo hivyo, aliipenda hadi akashindwa kumalizia mstari. Mafundi wakadaka kiitikio, shemeji akatoka kwenye gauni akaitikia, muuza dawa akaimba kuliko wote, na chini vilevile.

Walipomaliza, Baba Pacha alikuwa anahema. "Haya sema," alimwambia mkewe. "Ilikuwaje?"

Mama Pacha akafikiria kumdanganya tena, akaliacha wazo hilo. "Ulishuka."

"Sana?"

"Kidogo. Na mimi?"

Baba Pacha alijaribu kujizuia, nyusi zake zilizoungua zikapanda. "Wewe, Mama Pacha, mimi ndiye niliyeutunga wimbo ule na sikuutambua." Akaanza kucheka, mkewe akaanza kucheka, wakacheka hadi Mama Pacha akashika pasi ya moto na kuiachia akipiga yowe.

Jumatatu asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Baba Pacha alimpigia simu mwenye ukumbi mkubwa, mkewe amesimama kando anahesabu soksi za watu.

"Tunakuja," alisema. "Ila kuna jambo, mzee wangu. Ile sauti mliyoisikia kwenye rekodi ilinyooshwa. Yangu siyo ile."

Kisha mwenye ukumbi akauliza kama hiyo yake ni nzuri zaidi au mbaya zaidi. Baba Pacha, simu sikioni, akamgeukia mkewe na kumtazama.

"Mwambie mbaya kidogo," alisema Mama Pacha, kwa sauti ya kufika hadi upande wa pili wa simu. "Na mwambie mimi nataka kiti cha mbele."